Jina Nililomrushia Mama Jeranti

Mtoto wangu wa kwanza ana jina ambalo sitaliandika hapa, kwa sababu ni lake na hakuniomba nimtangaze. Maana yake nitaisema, bila hiyo hamtaelewa kitu. Katika lugha yetu ya huku vilimani linamaanisha: walisema hatarudi. Siku ya ubatizo padri alilisikia, akainua nyusi, akauliza kama hatukupata jina la furaha zaidi. Nikamjibu kwamba hilo limenifurahisha sana. Mpaka leo linanifurahisha.

Kwetu mtu akiwa na neno ambalo hawezi kumwambia jirani usoni, analiweka kwenye jina la mtoto. Jirani atalisikia asubuhi mtoto akiitwa kunywa uji, atalisikia jioni akiitwa kuoga, na hawezi kwenda kwa chifu kushtaki kwamba kuna mtoto anaitwa. Mama mkwe wangu hakungoja hata watoto. Mbwa wake alikuwa na jina lenye maana ya "wanakula kwangu na bado wananisengenya", na kila jioni alisimama mpakani mwa shamba la shemeji yake akimwita mbwa huyo kwa sauti ya kanisani. Mbwa mwenyewe alikuwa amelala miguuni pake.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye fromajeri, nyumba ya mbao na mabati juu ya kilima, si mbali sana na Masisi ukipanda moto, pikipiki ya abiria, na mvua ikikuhurumia. Maziwa ya malisho yote ya jirani yaliletwa pale kwenye bido, madumu yetu ya maziwa, mengine kichwani, mengine yamefungwa nyuma ya pikipiki, nasi tuliyageuza kuwa jibini. Sisi tunasema fromaji, na nitaendelea kusema hivyo. Mahali pangu palikuwa kwenye sufuria kubwa. Nilipasha maziwa, nikatia dawa ya kuyagandisha, nikangoja, kisha nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko kujua kama yameshika. Nilipokuwa nimezamisha mkono wote walinyamaza. Nje kulikuwa na ukungu unaoingia majumbani bila hodi, na ndani kulikuwa na moto wangu, mvuke wangu, na watu wanaosubiri niseme "tayari".

Naeleza hivyo ili mjue nilichokuwa napigania. Mume wangu anaendesha moto ya abiria, anaondoka asubuhi na anarudi barabara ikimruhusu. Shamba la mama yangu karibu na Kashuga lilikuwa limeota majani, watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Sufuria ile ndiyo ilikuwa kitu pekee duniani ambacho kilikuwa kinakaa mahali nilipokiacha jana. Sikutaka kazi nyingine, nilitaka ile.

Aliyetuongoza alikuwa mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa. Patro, mwenye fromajeri, aliishi Goma na alipanda kila Jumamosi na gari kupakia mzigo. Siku nyingine zote funguo zilikuwa kiunoni mwa yule mwanamke. Tulimwita Mama Jeranti, kwa sababu ujeranti, yaani usimamizi, ndio ulikuwa kazi yake, na kwa sababu hakuwa na mtoto wa kumwitia. Huku mwanamke akishazaa, jina lake la usichana halitumiki tena. Anakuwa mama wa fulani, na kumwita vingine ni kumvunjia heshima mbele ya watu. Yeye alikuwa ameolewa siku nyingi na bado alikuwa mama wa kazi. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Mimba ilinigombanisha na harufu. Maziwa yakianza kupata moto, tumbo langu lilipanda mpaka kooni. Nilitafuna tangawizi mbichi, nikafunga kitenge kwa upana, juu yake eproni ya plastiki, nikajidanganya kwamba sijulikani. Siku ambayo tumbo lilinizuia kufika katikati ya sufuria, nikasimama ubavu ubavu ili niweze kukata maziwa yaliyoganda, Mama Jeranti alikuwa mlangoni.

"We, uko na mimba."

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa unangoja nini? Uanguke mu sufuria, tuuzishe fromaji ya muntu?"

Wasichana wenzangu wa kazi wakacheka. Na mimi nikacheka, maana mtu hucheka na mkubwa wake hata akiwa yeye ndiye anayechekwa. Hakuniondoa, kwa kuwa hakuwa na mwingine. Nilinyanyua maziwa na miguu imevimba ndani ya mabuti mpaka jioni mume wangu alikuwa ananivua kwa kuvuta, mguu wake mmoja ameukaza ukutani. Kisha asubuhi moja Mama Jeranti akaja na mdogo wake, eproni mpya kabisa, akaniambia neno moja: "Mufundishe." Nikamfundisha. Nilimshika mkono wake nikauzamisha pamoja na wangu ili ahisi. Leo nikikumbuka upole wangu wa wiki ile natamani kujizaba kibao.

Siku yangu ya mwisho nilifunga vitu vyangu, nikaaga. Nilikuwa sijapita uzio niliposikia anawaambia wenzangu:

"Huyu hatarudi tena. Akishazala, bwana yake atamufunga ku nyumba, atanona, njo mwisho. Kazi yao ni paka kuzala tu."

Alijua nasikia. Hakupunguza sauti hata kidogo. Maneno yenyewe ningeyameza, watu wanasema mengi, lakini ile sauti isiyopunguzwa ndiyo iliyonikaa kifuani.

Nilijifungulia Kirotshe, kwa kuwa dada yangu anakaa kule kando ya ziwa na hospitali iko karibu naye. Wanawake wengine katika uchungu huita mama zao, wengine Yesu. Dada anasema mimi nilikuwa namtaja Mama Jeranti, na si kwa kumwombea.

Siku ya kumtoa mtoto nje, tukiwa tumerudi kilimani, watoto wa majirani walikalishwa kwenye mkeka, wakapewa maharage na maziwa ya mtindi, na kila mmoja akataja jina alilomchagulia mgeni. Mmoja alimpa jina la mwalimu wake, mwingine la ng'ombe wao anayetoa maziwa mengi. Baada yao ilikuwa zamu yetu wazazi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mtoto atachukua jina la mama mkwe. Mume wangu akanigeukia nilitaje. Nikataja langu.

Aliyeanza kucheka ni mama mkwe mwenyewe, yeye aliyekuwa ananyang'anywa. Akapiga makofi.

"Ile njo jina! Unamurushia nani?"

"Anajijua, mama."

Alifurahi hata akasahau kwamba lingekuwa lake. Mume wangu alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba amelala miaka yote na panga chini ya mto, lakini hakubisha. Angebishia nini, na mama yake amekwisha kusimama kucheza?

Nilirudi kazini mtoto alipoanza kukaza shingo. Nilimfunga mgongoni, nikapanda kilima na ukungu wake, nikapiga hodi. Mama Jeranti alikuja mpaka kizingitini na hapo akasimama, yeye na funguo zake.

"Karibu. Place yako ilishakamatwa. Kuko bido inje."

Nyuma yake, kwenye mvuke, nilimwona mdogo wake amezamisha mkono. Wote walikuwa wamenyamaza wakimsubiri. Nilitamani kulia na nilikataa. Nikangoja swali ambalo lazima aliulize, kwa sababu asingeweza kukaa na mimi pale bila kujua aniite nani.

"Na mutoto, jina yake?"

Nikalitaja polepole, silabi moja moja, kama mtu anayemimina maziwa asimwage nje. Yeye ni wa lugha yetu. Nilimwona analipokea.

"Nani alimupa jina kama ile?"

"Ni miye, mama."

Nililenga na nilipata. Na sehemu niliyolenga nilikuwa naijua: mwanamke asiye na jina la mtoto la kuitiwa, sasa angeniita mimi kwa jina la mtoto wangu kila siku ya kazi, na kila akiniita angerudia maneno yake mwenyewe. Akitaka bido, aseme walisema hatarudi. Akitaka maji, aseme walisema hatarudi. Msiniulize kama nilimwonea huruma. Hakuna siku niliyompa huruma hiyo.

Alijaribu kukwepa. Akaniita "we", akaniita "dada", akapiga mluzi. Asubuhi moja akaniita kwa jina langu la usichana mbele ya baba mmoja mzee aliyekuwa anashusha maziwa, na mzee yule akaacha bido hewani.

"Mama, unaita mwanamuke mwenye mutoto kama kabinti?"

Ikabidi alitamke. Alilitamka na uso wa mtu aliyekuta unywele kwenye ugali. Wasichana walichangamka, wakawa wananiita kutoka upande huu wa ua mpaka ule bila sababu, ili mradi lisikike. Patro naye, kila Jumamosi, aliniita hivyo hivyo. Yeye si wa lugha yetu, kwake lilikuwa jina kama majina mengine. Alilikanyaga katikati, akalitamka vibaya, lakini alilitamka kwa sauti kubwa, na mimi niliitika kwa furaha ambayo hakuielewa.

Mama Jeranti hakuwa na jina la kunirudishia, lakini alikuwa na bido. Nilizisugua nje, kwa majivu na mchanga na maji ya bomba la chemchemi ambayo huku kwetu yanauma mifupa. Mtoto hakuruhusiwa ndani. Nilimlaza kwenye beseni chini ya ukingo wa bati, nimemtandikia vitenge. Alipolia nilinyanyuka, na sauti ikatoka dirishani: "Maliza bido kwanza." Nikamaliza bido kwanza. Mtoto alilia mpaka akapoteza sauti, na ilikuwa hivyo siku nyingi, na wale wanaosema kazi haina ubaya mradi ipo, waje walisikilize lile beseni.

Asubuhi moja maziwa yalinijaa, yakapita kwenye blauzi, yakachora doa mpaka kwenye eproni. Waleta maziwa walikuwa wamepanga foleni, wote wanaume. Mama Jeranti akatoka na kipimo chake, kile cha kuangalia kama mtu ametia maji kwenye maziwa.

"Oneni! Na huyu iko natoa maziwa! Changia basi, mama, mwaga mu bido, tupime kama haina maji."

Walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Mimi sikucheka siku ile. Nilisugua bido iliyokuwa mkononi mwangu mpaka maandishi yake yakafutika. Neno lile nililikunja vizuri kama kitenge cha sikukuu, nikaliweka mahali ambapo nitalikuta siku nikilihitaji.

Siku hiyo niliingojea muda mrefu. Mtoto wangu akatembea, akasema, akaanza maternele, shule ya watoto wadogo. Mdogo wake Mama Jeranti akaolewa Walikale, na mimi nikarudishwa kwenye sufuria bila neno lolote la asante, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Nikadhani labda hesabu yetu itaishia hapo, tukiwa tunatazamana hivyo mpaka uzee. Kisha akapata mimba.

Nilikuwa wa kwanza kujua. Alikuwa amefunga kitenge kwa upana. Alipopita karibu na mvuke alikaza mdomo, na nilisikia harufu ya tangawizi. Watu walipokuja kujua walimshukuru Mungu, wengine walilia, na nilifurahi na mimi, ila si kwa ajili yake. Nilikuwa natazama tu anavyoanza kusimama ubavu ubavu.

Patro alijua Jumamosi moja, tumbo likiwa halifichiki tena. Akaniita, akalikanyaga jina langu katikati kama kawaida, akanipa funguo.

"Utashika weye," akasema, na akacheka. "Yule hatarudi tena. Na umri yake ile! Akishazala, njo mwisho."

Mama Jeranti alikuwa hatua chache kutoka pale, anapanga fromaji kwenye sanduku. Patro hakupunguza sauti. Maneno yale niliyatambua kama ninavyoutambua mlango wa nyumba yetu ukilia. Niliuona mgongo wa Mama Jeranti unasimama, kisha unaendelea kupanga. Nilizifunga funguo kiunoni, na zilikaa vizuri.

Miezi aliyokuwa nyumbani niliitumia kumsubiri. Nilijua atarudi, nilimjua kuliko patro alivyomjua. Pale bombani kulikuwa na brashi kuukuu, nywele zake zimeisha, inachubua vidole. Wasichana waliniomba nibadilishe. Nikawaambia iacheni.

Akaja asubuhi ya mvua, mtoto mgongoni, amekonda, blauzi ile ile ya zamani sasa inamning'inia. Akapiga hodi. Nilimwacha asimame kidogo. Kisha nikaenda mpaka kizingitini nikasema neno kwa neno, nilikuwa nimelifanyia mazoezi:

"Karibu. Place yako ilishakamatwa. Kuko bido inje."

"Sawa, mama."

Nikauliza jina la mtoto. Niliuliza kwa hamu, sikatai. Nilitaka kujua ananirushia nini, na nilikuwa tayari kwa tusi lolote.

Alitaja jina la binti yangu. Lile lile, silabi moja moja, bila kumwaga.

Huku kwetu watoto wa jina moja wanaitana "majina". Majina wa mtoto wako ni mtoto wako, na mama yake huwezi kumfungia mlango, huwezi kumnyima moto wa kuwashia jiko. Yeye alilijua hilo kama mimi. Nilikuwa nimelinoa mwenyewe, miaka yote nimelitumia mwenyewe, na sasa amelishika kwa mpini.

"Uliiba jina ya mutoto yangu."

"Sikuiba. Na miye walinisema vilevile. Ulikuwa pale. Ulisikia."

Nilikuwa pale kweli, na funguo nilizipokea kwa mkono huu. Nikampa brashi.

Msidhani nililainika. Bido anaosha yeye mpaka leo. Na neno langu lililokunjwa nililitoa, siku blauzi yake ilipochora doa mbele ya waleta maziwa. Nikamwambia achangie, tupime kama hayana maji. Hakuna aliyecheka. Wasichana ni wapya, waleta maziwa walitazama chini. Yeye peke yake alielewa. Aliacha kusugua, akanitazama karibu kwa upole.

"Ulikuwa unaichunga, siku yote hii?"

"Nilikuwa naichunga."

"Ilishachacha, mama," akasema, akarudi kwenye bido yake.

Nilikasirika wiki nzima. Lakini mtoto wake akilia pale chini ya bati, sisemi maliza bido kwanza. Natoka mlangoni, namwita kwa jina zima la mtoto wake, kwa mapafu yangu yote, aje anyonyeshe. Wasichana wananiona mwema. Wema wangu sina hakika nao. Lile beseni nalijua, basi, na jina lile napenda kulipigia kelele.

Jumamosi moja patro akafika, akashuka kwenye gari, akaita kama kawaida yake. Mimi nikatoka ndani. Mama Jeranti akatoka nyuma, brashi mkononi, mtoto akinyonya. Tukaitika pamoja. Patro akacheka.

"Muko wangapi sasa?"

"Tuko bawili," yeye akajibu. "Watoto yetu ni majina."

"Kumbe! Ni jina ya muzuri ile. Maana yake nini?"

Nikamtazama mwenzangu, naye akanitazama. Tangu siku ile ya sufuria na ubavu hatukuwahi kuwa na neno moja mdomoni sisi wawili. Aliniachia nilitoe mimi.

"Maana yake, walisema hatarudi."

Patro alikuwa bado anatabasamu. "Nani alisema?"

Wasichana waliacha kupanga masanduku. Mtoto aliachia ziwa, akageuza kichwa kama na yeye anangoja. Patro akanitazama mimi na funguo zangu kiunoni, akamtazama yeye na brashi yake, na nilimwona anakumbuka. Akakohoa. Akasema tupakie, mvua inakuja, na kweli mvua ilikuwa inakuja, tukapakia.

Sijamsamehe Mama Jeranti. Yeye naye hajaniomba msamaha, na ile brashi sijaibadilisha. Ila tangu siku ile patro akifika anajaribu kutuita "wamama", anatuita "nyie pale", anapiga honi. Sisi tunaendelea na kazi, mimi kwenye sufuria yangu, yeye bombani, na hatusikii kitu mpaka alitamke jina lote.